Magomeni, Butiama au Songea: nyumba ya kiongozi ipi uitembelee kwanza?

Oktoba 14, Siku ya Mwalimu Nyerere, inapokaribia, walimu wa historia, viongozi wa vikundi na wazazi huanza kuulizana: mwaka huu watoto tuwapeleke wapi? Wengi hutaja Butiama moja kwa moja, wakipiga hesabu ya nauli wanaahirisha hadi mwakani. Kumbe Tanzania ina zaidi ya nyumba moja ya kiongozi iliyohifadhiwa kwa kumbukumbu. Ipo ya Magomeni, Dar es Salaam, alikoishi Mwalimu Julius Nyerere na familia yake wakati wa kudai uhuru. Ipo Butiama, mkoani Mara, alikozaliwa, alikorudi baada ya kung'atuka na alikozikwa. Na ipo ya Songea, nyumba ya Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Rais.

Nazilinganisha kwa ajili ya mtu ambaye mwaka huu anaweza kwenda moja tu.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni kipindi cha maisha. Nyumba haimwonyeshi kiongozi mzima. Inamwonyesha katika miaka aliyolala ndani yake. Magomeni utamkuta mtu ambaye bado hana dola. Butiama utamkuta mtoto wa chifu na mzee aliyestaafu. Songea utamkuta mtu aliyeshika usukani mwenzake alipoondoka. Ukijua ni yupi kati ya hao unayemtafuta, nusu ya uamuzi umekwisha.

Cha pili ni mahali penyewe na vilivyomo. Cha tatu ni safari na mfuko. Cha nne ni nani atafaidika zaidi: mtoto wa shule ya msingi, mwanafunzi wa chuo, mzee aliyeishi enzi hizo, au mgeni kutoka nje.

Uzuri wa jengo sikuuweka kabisa. Waliokaa humu hawakujijengea makasri, na anayekwenda kutafuta fahari ataondoka bila kuelewa alichoonyeshwa.

Magomeni, Dar es Salaam

*Kipindi.* Mwalimu alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake, akaajiriwa kufundisha Pugu. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel. Mwaka huohuo akachaguliwa kuongoza TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na Julai 7, 1954 TAA ikageuka TANU, chama cha siasa cha kudai uhuru. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akaacha ualimu, na mshahara ukakatika akiwa na mke na watoto wadogo.

Nyumba ya Magomeni ni ya miaka iliyofuata, na ilikuwa miaka mizito. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimisha kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni tusi. Mwalimu aliwashawishi washiriki, na TANU ikashinda. Mwaka huohuo alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali ya kikoloni, kesi iliyoisha kwa kutozwa faini. Haya yote yalikuwa yakimpata mtu ambaye jioni anarudi kwenye mtaa wa kawaida wa Uswahilini.

*Mahali na vilivyomo.* Ni nyumba ndogo ya chini, ya aina iliyozoeleka Magomeni. Utaona sebule, vyumba vya kulala na samani za wakati ule. Ukisimama mlangoni mwa sebule utaelewa haraka kwamba wageni wawili watatu wakiketi, nafasi imekwisha. Fikiria wazee wa TANU wanaingia, wengine wanabaki nje wakisubiri, na watoto wanataka kulala.

Lakini onyesho kubwa la Magomeni ni mtaa wenyewe. Wakati wa ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi: Wazungu kule Oysterbay, Wahindi katikati ya mji na Upanga, Waafrika Kariakoo, Ilala, Temeke na Magomeni. Kwa hiyo, Mwalimu alipokwenda kukutana na Gavana, alikuwa anatoka sehemu aliyotengewa kwa rangi ya ngozi yake. Naomba yeyote anayepeleka wanafunzi awatembeze kwanza mtaani kwa miguu, ndipo waingie ndani. Wakianza na nyumba wataona samani za zamani tu. Wakianza na mtaa wataona sababu ya kudai uhuru.

*Safari na mfuko.* Hapa Magomeni haina mpinzani. Mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro yanapita na vituo vipo, bodaboda na bajaji zinamalizia. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ni safari ya nusu siku. Nusu nyingine yaweza kwenda Mnazi Mmoja na Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU, au Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, ambako yamehifadhiwa magari yaliyotumiwa na viongozi. Muunganiko huo naupenda sana: asubuhi nyumba ya mtu asiye na mshahara, mchana magari ya dola.

*Upungufu.* Ni padogo. Basi zima la wanafunzi likishuka kwa pamoja, nusu yao hawatasikia kitu. Wagawanye mafungu: wengine ndani, wengine mtaani na mwalimu wa pili. Na usitarajie mkusanyiko mkubwa wa vitu. Anayetaka kuona maandishi na zawadi za Mwalimu atabaki na kiu.

*Anayefaa.* Mwanafunzi wa sekondari anayesoma harakati za uhuru, mgeni mwenye siku moja Dar es Salaam, na kijana anayeamini kwamba viongozi huzaliwa wakiwa tayari ni viongozi.

Butiama, Mara

*Kipindi.* Hapa una mwanzo na mwisho kwa pamoja. Kambarage alizaliwa Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa Chifu. Alianza shule akiwa na miaka 12, Mwisenge, Musoma, mbali na nyumbani. Kutoka hapo ni Tabora, Makerere, Edinburgh, na yale mengine ambayo dunia inayajua. Aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Alifariki London Oktoba 14, 1999 akitibiwa saratani ya damu, akarudishwa kuzikwa Mwitongo, hapohapo Butiama, kwenye ardhi ya baba yake.

Kuna jambo moja la kipindi hiki ambalo Magomeni hulipati. Rais aliyeshika nchi kwa miaka mingi alirudi kijijini kwao kulima. Ukiwa Dar es Salaam unalisikia kama habari ya kawaida. Ukiwa pale Mwitongo, ukiona umbali wa mahali penyewe kutoka Ikulu, unaanza kujiuliza ni wangapi wangekubali.

*Mahali na vilivyomo.* Mwitongo ni kilima chenye mawe makubwa, na ndani ya eneo moja kuna mambo mengi: jengo la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1999, makazi ya familia, mabaki ya nyumba ya zamani ya wazazi, makaburi ya wazazi wake, na kaburi la Mwalimu ambalo limejengewa. Ipo pia nyumba aliyojengewa na Jeshi, ambayo aliikaa kwa muda mfupi tu kabla ya kuondoka kwenda kutibiwa.

Ndani ya makumbusho kuna picha za maisha yake, vitu alivyotumia, zawadi alizopewa na kumbukumbu za uchifu wa Wazanaki. Mimi nashauri usiharakishe kwenye maandishi. Kuna kazi zake za mkono, zikiwamo kurasa alizotafsiri kwa Kiswahili kutoka *Republic* ya Plato. Watu wengi wanajua kwamba alitafsiri Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, kwa sababu zilichapwa na zikasomwa shuleni. Plato haikupata umaarufu huo. Mistari ile iliandikwa kwa kalamu na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kusema hana muda. Kwa mwanafunzi wa lugha au wa falsafa, hilo pekee linalipa nauli.

Wageni wengi hupitiliza hapo wakiwahi kaburini kupiga picha. Ni haki yao. Ila nikiona kundi la wanafunzi limepita mbele ya maandishi yale bila hata mmoja kusimama, najua aliyewaleta hakuwaandaa.

*Safari na mfuko.* Kutoka Musoma mjini ni takribani kilomita 45. Anayetoka Mwanza anapita Bunda hadi Makutano, anaacha barabara kuu iendayo Sirari na kushika ile ya Butiama. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mwanza pekee, kwa hiyo ama unapanda ndege hadi Mwanza kisha unaunganisha kwa barabara, ama unakubali siku nzima na zaidi ndani ya basi. Kwa kikundi, malazi ni jambo la kupanga mapema. Musoma ina nafasi nyingi zaidi kuliko Butiama yenyewe.

Gharama hupungua makali ukiunganisha safari. Anayekwenda Serengeti kupitia upande wa Ziwa anapita jirani kabisa. Anayekwenda kusalimia ndugu Musoma au Tarime asikose. Na ukiwa Musoma, Mwisenge ipo palepale mjini, ile shule alikoanzia.

*Upungufu.* Mbali na umbali, kuna jambo la adabu ambalo wageni hulisahau. Mwitongo ni kwa watu. Makumbusho ni ya umma, lakini makazi ni ya familia, na kuyasogelea kunategemea ruhusa. Muulize muongozaji kabla hujapiga picha au kufungua mlango, na uvae kama mtu anayekwenda msibani kwa wakwe. Pia, Oktoba 14 yenyewe huwa na viongozi, misafara na umati. Utaipata heshima ya siku, lakini nafasi ya kusoma na kuuliza itakuwa finyu.

*Anayefaa.* Mtu mwenye siku mbili au zaidi, wazee wanaotaka kutoa heshima kaburini, watafiti, na waumini. Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa mwenye heri, na tangu hapo wapo wanaofika kwa nia ya hija.

Songea, Ruvuma

*Kipindi.* Mzee Kawawa alizaliwa mwaka 1926, akapitia shule ya Tabora, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na hata mwigizaji wa filamu kabla siasa haijamchukua moja kwa moja. Vijana wengi wanamjua kwa jina la Simba wa Vita, basi. Tukio ninalotaka kila anayekwenda Songea alibebe kichwani ni hili: Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kuijenga TANU. Serikali ya nchi changa aliachiwa Kawawa, ambaye hata miaka 36 alikuwa hajafikisha. Desemba 9 mwaka huohuo nchi ikawa Jamhuri, Mwalimu akarudi kama Rais, na Kawawa akampisha. Baadaye alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, na kuanzia 1972 hadi 1977 Waziri Mkuu tena.

Kuachiwa nchi na kuirudisha bila ugomvi si jambo dogo katika Afrika ya miaka ile. Ndiyo maana sikubali nyumba hii iitwe ya akiba kwa walioikosa Butiama.

*Mahali na vilivyomo.* Ni nyumba ya makazi mjini Songea, sasa chini ya Makumbusho ya Taifa. Utaona picha na kumbukumbu za utumishi wake, na utaona jinsi mtu wa ngazi ile alivyoishi alipokuwa mkoani kwao. Kaburi halipo hapa. Mzee alifariki Desemba 31, 2009 na kuzikwa Dar es Salaam, kwa hiyo anayetaka kutoa heshima kaburini asifunge safari ya Songea kwa ajili hiyo.

*Safari na mfuko.* Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, kupitia Iringa, Makambako na Njombe. Mji una uwanja wa ndege. Nyumba za kulala wageni zipo za kutosha, na kwa kuwa nyumba ipo mjini, ukishafika hakuna gharama kubwa ya ziada.

Kinachoipa nyumba hii uzito ni jirani yake, Makumbusho ya Majimaji, ya vita vya wenyeji kuupinga utawala wa Wajerumani. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo wapiganaji wa Kingoni na kuwazika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, naye alinyongwa katika vita hivyo. Ukianza Majimaji kisha ukamalizia kwa Kawawa, umeona kwa siku moja watu wa eneo moja wakinyongwa na dola, na miaka 56 baadaye mtu wa eneo hilohilo akiiongoza.

*Upungufu.* Peke yake, nyumba ni ya saa moja hivi. Na mgeni asiyejua siasa za miaka ya 1960 anaweza kutoka bila kushika kitu, kwa kuwa jina la Kawawa halimwambii mengi. Aandaliwe kabla.

*Anayefaa.* Wakazi wa nyanda za juu kusini, wanafunzi wa siasa na utawala, watu wa vyama vya wafanyakazi, na yeyote aliyekwishaona Butiama akadhani habari imekamilika.

Mambo yanayofanana kote

Mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, na mwanafunzi chini zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho, na kundi la shule liende na barua. Ulizia mapema utaratibu wa malipo na siku za kufungua, hasa kama unategemea sikukuu. Kwa muongozaji, usiwe bubu. Mweleze kundi lako ni la nani na linasoma nini, maana wengi wana hadithi moja ya haraka kwa wapita njia na nyingine ndefu kwa anayeuliza. Na watoto wapewe swali moja kila mmoja la kwenda kulitafutia jibu ndani ya nyumba. Alikula wapi? Vitabu viko wapi? Wageni walikaa wapi? Mtoto mwenye swali hutazama, asiye nalo huuliza saa ngapi tunaondoka.

Uamue vipi

Kama upo Dar es Salaam, una watoto wa shule ya msingi na Jumamosi moja, nenda Magomeni. Siku nzima ya basi itawachosha wadogo kabla hata hawajaiona Butiama, wakati Magomeni wanatoka nyumba moja kwenda nyumba inayofanana na ya bibi yao.

Kama unawapeleka kidato cha tatu au cha nne na shule ina bajeti ya safari moja kubwa, mwalimu atazame kwanza wanasoma nini. Wakiwa kwenye mapambano dhidi ya wakoloni, Songea na Majimaji inawapa mengi kuliko Butiama. Wakiwa kwenye Ujamaa na Tanzania baada ya uhuru, Butiama. Shule iliyopo Dar es Salaam iipitie Magomeni kabla ya safari yoyote kati ya hizo, haiigharimu kitu kikubwa.

Kama wewe ni mwana wa diaspora au mgeni uliyekuja kwa wiki mbili na Serengeti imo kwenye ratiba, ongeza siku moja upande wa Musoma uende Butiama. Kama ratiba yako ni Dar es Salaam na Zanzibar tu, usijilaumu. Magomeni inatosha sana, mradi utembee mtaa.

Kama unampeleka mzazi aliyeishi enzi za Mwalimu, muulize yeye. Wapo ambao hawatapata amani mpaka wafike kaburini, na kwao Butiama haina mbadala hata ikibidi kuchanga nauli mwaka mzima. Wapo waliokuwa Magomeni wakati huo, wanaokumbuka mikutano na nyimbo, na kwao ile nyumba ndogo itafungua mdomo kuliko makumbusho yoyote. Ukimpeleka mzee wa namna hiyo, mpe nafasi yeye ndiye awe muongozaji, na wajukuu wabebe daftari.

Na kama afya ya mzee huyo hairuhusu kutembea sana, jua kwamba Mwitongo ni eneo pana la kilima na mawe. Pangeni kufika asubuhi kabla jua halijawa kali, mpunguze vituo: kaburini kwanza, makumbusho baadaye, na mabaki ya nyumba ya wazazi mwishoni kama nguvu bado zipo.